Vigingi vya Severin

Freiburg, 9 Oktoba 1971

Mpendwa Shangazi Filomena,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umemaliza mavuno na mgongo wako umekusamehe. Sisi huku wazima. Baba amepona mguu, ingawa Mama anadai kwamba huchechemea pale tu anapoombwa kupandisha makaa kutoka chumba cha chini. Mimi nimehamia karibu na chuo. Jikoni tunashirikiana wanafunzi wanne, na mmoja wao ni Volkmar, anayesomea kemia na kunuka kemia.

Jumapili iliyopita niliwaahidi wenzangu mkate wa mwako kama wako: mwembamba, wenye krimu, vitunguu na bekoni, unaovunjika mdomoni kama barafu ya kwanza ya Novemba. Uliotoka katika tanuri letu la gesi ulikuwa kitambaa cha kuoshea vyombo. Volkmar aliukunja mara nne akauliza kama ni wa kula au wa kujifutia. Tafadhali niandikie unavyofanya. Heshima ya ukoo iko hatarini.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Baba ameniambia kwamba matingatinga yamemaliza mteremko wa juu. Matuta ambayo mababu walichimba kwa majembe, ngazi baada ya ngazi, yamelazwa chini kama nguo chafu, na mwezi Machi wenye mashamba mtapiga kura kuhusu mteremko wa chini, lilipo shamba la marehemu Mjomba Severin, ambalo ndilo riziki yako yote. Wanauita mpango wa kusawazisha mashamba. Ni nani aliyeomba kusawazishwa? Na vigingi vya mizabibu vilivyong'olewa, maelfu kwa maelfu, vimerundikwa kando ya makaburi, na meya amegongomea tangazo: ni marufuku kuchukua vigingi, vitaondolewa na ofisi. Sababu haikutajwa. Haikutajwa kwa kuwa haipo, isipokuwa ile ya siku zote: kilicho chako ni chake.

Shangazi, wewe una tanuri kubwa kuliko yote pale Oberhalden, na wanakijiji wana kuni zao wenyewe walizokatazwa. Washa kila Jumamosi adhuhuri. Tumia vigingi hivyo hivyo. Walishe watu, na wakiwa wameshiba waache wazungumze. Mkutano wenye hotuba tupu huhudhuriwa na watu saba. Mkutano wenye mkate wako utahudhuriwa na kijiji.

Akupendaye,
Ortrud

*

Oberhalden, 21 Oktoba 1971

Mwanangu Ortrud,

Nimefurahi kupata barua yako, nikaisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Mgongo wangu haujanisamehe lakini tunasalimiana. Zabibu mwaka huu tamu. Kuku wangu sita wanataga. Mke wa mtoto wa Ambros hapa jirani, yule Notburga mwenye kicheko, ana mimba ya kwanza, na Ambros amekwisha kumwambia kila mtu kwamba ni mvulana, kana kwamba aliagiza dukani. Msalimie kaka yangu, mwambie asichechemee.

Msomi wa miaka minne chuo kikuu, hujui kuoka. Haya. Unga bakuli moja, chumvi, kijiko cha mafuta, maji ya uvuguvugu. Usitie hamira. Ukande, uuache upumzike kama nusu saa, kisha usukume mpaka uone mistari ya mbao za meza kupitia kwake. Ukidhani umefika, sukuma tena. Krimu iliyochacha uipake nyembamba, vitunguu viwe nyuzi, bekoni iwe vipande vidogo.

Lakini kosa lako si mkono, ni moto. Mkate wa kawaida huingia tanurini moto ukiwa umekwisha kutolewa: makaa nje, sakafu imefutwa kwa kitambaa kilicholoa. Huu wa mwako huingia moto ukiwa bado ndani, umesukumwa pembeni tu, ndimi zikipita juu ya krimu. Dakika moja, mbili ukizembea. Ukingo ukiungua kidogo, ndio wenyewe. Gesi yako hiyo haitauweza kamwe.

Kuhusu lile lingine: nimefanya. Niliogopa kidogo, lakini Ambros alileta mkokoteni mchana kweupe, akapita mbele ya ofisi ya meya akipiga mluzi. Vigingi vingi ni vya Severin, vya kile kipande cha juu tulichokiuza zamani, nimevitambua, aliviwekea alama kwa shoka. Vinawaka vizuri, vikavu. Na moto wake, Ortrud, una ndimi za kijani, kijani cha majani ya mzabibu yakipigwa na jua. Watu walisimama mbele ya tanuri wakashangaa. Walikuja kumi na wanane. Mmoja alisema hata shamba likifa linatuaga kwa rangi yake.

Shangazi yako,
Filomena

*

Freiburg, 4 Novemba 1971

Mpendwa Shangazi,

Wazima sisi, na pongezi kwa Notburga. Nimemsomea Volkmar maelezo yako ya mkate kwa sauti ya mhubiri, naye amekubali kwamba gesi imeshindwa.

Moto wa kijani! Sijalala vizuri tangu niliposoma maneno hayo. Unaona ulichokiandika? Wameing'oa mizabibu, wamezika ngazi za mababu chini ya udongo wao wa kiserikali, na bado mti unakataa kunyamaza. Katika pumzi yake ya mwisho unarudisha rangi ya jani. Nimeandika makala kwa gazeti la wanafunzi na nimeipa jina hilo hilo. Watu ambao hawajawahi kuona kigingi wamenisimamisha barabarani kuniuliza kuhusu Oberhalden.

Nitafika Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, nami nitasema machache uani kwako. Nimetunga sentensi moja ambayo nataka kila mzee aondoke nayo mfukoni: tangazo lolote la ofisi ni uongo hadi lithibitishwe. Irudieni hadi meya aisikie usingizini.

Ortrud

*

Oberhalden, 28 Novemba 1971

Mwanangu Ortrud,

Nisamehe kuchelewa. Tunaendelea vizuri kwa jumla, baridi imeingia. Baba yako ameniletea soksi za sufu, mshukuru.

Tangu ulipokuja na kupanda juu ya meza yangu kwa viatu (nimeisugua, alama zimetoka), watu wameongezeka. Jana nilihesabu arobaini, nikaishiwa krimu. Ambros ameiandika sentensi yako kwenye ubao kwa rangi nyekundu, ameutundika ukutani kwake unaotazama ofisi. Sasa hata mvua ikitabiriwa redioni, wazee hucheka na kusema ni uongo hadi ithibitishwe. Notburga hula mikate miwili peke yake, anasema mmoja ni wa mtoto. Mimi husimama mdomoni mwa tanuri tangu saa nne hadi saa tisa, na jioni huwa sina nguvu hata ya kuvua viatu.

Kuku wangu wamekufa. Wanne wiki iliyopita, wawili jana. Walipenda kujigaragaza katika majivu ninayomwaga nyuma ya banda, joto lao likiwavuta. Ambros anasema ni baridi. Majivu mengine nimeyatandaza bustanini kwenye kabichi, kama tulivyozoea.

Nina ladha ya sarafu mdomoni, hata nikinywa maziwa. Na vidole vinawashawasha, vya mikono na vya miguu, kama nimevilalia. Uzee. Nimekuambia haya kwa sababu ulipokuja uliuliza afya yangu, usiyafanyie hotuba.

Shangazi yako,
Filomena

*

Freiburg, 12 Desemba 1971

Mpendwa Shangazi,

Salamu za dhati kutoka kwetu sote. Baba anauliza kama utakuja Krismasi. Ukisema hapana, atakuja kukubeba.

Nimesoma habari ya kuku mara nyingi, na kadiri ninavyoisoma ndivyo hasira inavyonitulia na kuwa kitu kigumu zaidi kuliko hasira. Kuku sita, katika ua ule ule ambamo kijiji kimejifunza kusema hapana, katika mwezi ule ule ambapo meya ameona watu arobaini wakikusanyika bila ruhusa yake. Tumwamini Ambros kwamba ni baridi? Kuku wako wamepita baridi tatu. Simtaji mtu. Nauliza tu, na nimeuliza kwa maandishi: kikaratasi kimechapishwa, nakala mia tano, kikiwa na kichwa cha habari “Wameanza na kuku.” Nimemtumia Ambros mia mbili azigawe baada ya misa.

Kuhusu vidole vyako, vaa glavu. Unasimama mno kwenye baridi ya ua.

Na mambo hayaishii Oberhalden tena. Gazeti kubwa la hapa mjini limeandika jina langu na picha ya tanuri lako. Baba anajifanya hajaona, lakini amenunua nakala tatu.

Ortrud

*

Oberhalden, 16 Januari 1972

Ortrud,

Heri ya mwaka mpya, japo imechelewa. Ahsante kwa Krismasi. Nilifurahi kukaa kwenu, hata kama sikula sana.

Jumamosi hizi sijaoka. Ule ubao wa kuingizia mikate umevunjika mpini. Kisha krimu ya huku siku hizi si nzuri. Kisha nina mafua. Wape watu mapumziko, wameshiba vya kutosha.

Mwambie Ambros aache zile karatasi za kuku. Meya hakuwagusa kuku wangu.

Filomena

*

Freiburg, 30 Januari 1972

Mpendwa Shangazi,

Natumaini mafua yamekuacha. Mama anasema ulipokuwa hapa ulikuwa ukivaa glavu mezani, na anashangaa. Nilimwambia ni mimi niliyekushauri. Anasema pia kwamba uliacha nywele nyingi kwenye mto.

Nitakuwa mkweli, maana ukweli ndio adabu pekee ninayoijua kati ya watu wanaopendana. Mpini uliovunjika hutengenezwa na Ambros kwa robo saa. Krimu ya Oberhalden ni ile ile niliyonyonyeshwa nayo. Mafua hayadumu wiki nne. Umetishwa, Shangazi. Nani alikuja kwako? Alikuja na kofia mkononi au na karatasi? Ulisimama mbele ya tanuri miezi miwili, ukawa mwanamke aliyeandikwa magazetini kuwa hana woga, na sasa, kura ikiwa imebakia wiki saba, unanitajia krimu!

Sikulaumu. Woga ni silaha yao ya kale. Lakini harakati haiwezi kuzimika kwa sababu tanuri moja limezimika. Nimemwandikia Ambros. Tangu Jumamosi ijayo wataoka kwake. Tanuri lake ni dogo, lakini vigingi vipo vya miaka mitatu. Amenijibu siku ile ile, na amesema watu wamefurahi sana.

Mwandiko wako katika barua iliyopita ulinisumbua. Uliandikia wapi, kwenye goti?

Ortrud

*

Oberhalden, 20 Februari 1972

Mwanangu,

Baba yako mzima? Mama yako? Salamu kwao. Kwaresima imeanza, theluji inayeyuka.

Barua yako ilifika siku nyingi. Niliiweka nyuma ya saa. Kila nilipochukua kalamu ilianguka, na hilo si neno la kupamba barua, kalamu ilianguka kweli. Hii naiandika kwa siku ya tatu, mistari michache kila siku.

Hakuna aliyenitisha. Nitakueleza, nawe usinikatize.

Ulikuwa na miaka minne Severin alipokufa. Unakumbuka glavu zake, uliwahi kuniuliza kwa nini mjomba anakula na glavu. Miaka ile wakulima wote walinyunyizia zabibu dawa ya aseniki, ya kuua viwavi, hadi serikali ilipoikataza wakati wa vita. Severin alikuwa hodari. Hakunyunyizia tu, aliviloweka na vigingi vyake katika shimo la dawa, aseniki na vitu vya shaba, visioze. Wengine wakamwiga. Ndiyo maana vimedumu. Kisha wakaanza kufa, mmoja mmoja, polepole. Kwanza vidole kuwasha. Kisha nywele. Kisha kucha zikatokea mistari myeupe inayokatiza kama iliyochorwa kwa rula. Mwisho Severin akawa hawezi kushika kijiko, nikamlisha mimi.

Severin hakuwahi kuleta kigingi nyumbani. Vilivyochakaa alivichomea kule kule mlimani, akisimama upande upepo unakotoka. Nilidhani ni uvivu wa kubeba. Miaka ishirini na saba ya ndoa nilimtania kwa hilo.

Siku ya pili ya Januari nilivua glavu nikaona mistari kwenye kucha zangu.

Nikazima tanuri siku hiyo. Nikanunua kuni za msituni kwa ajili ya kupasha nyumba, nikakuandikia uongo wa krimu. Ndiyo, niliogopa, lakini si meya. Jina lako lilikuwa gazetini. Watu arobaini walikuwa wamekula mikononi mwangu kwa ushauri wako, na nilijua wakigundua watakutafuta wewe kwanza. Nilidhani nikiacha kimyakimya, watu wataacha, na hakuna atakayejua. Sikujua kwamba utawahamishia kwa Ambros. Nimemwambia Ambros mara mbili aache. Mara ya kwanza alisema nina wivu kwa sababu tanuri lake sasa ndilo linalosifiwa. Mara ya pili aliniuliza taarifa zangu nimezitoa ofisini kwa nani.

Nimekufungia kipande cha kigingi chenye alama ya shoka, na majivu kwenye kopo. Mpe yule kijana anayenuka. Huenda mimi ni mzee tu na nakosea. Ningefurahi sana kukosea.

Notburga ana mimba ya miezi saba. Bado anakula miwili.

Filomena

*

Freiburg, 6 Machi 1972

Shangazi yangu mpenzi,

Hujakosea.

Volkmar alipima mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza nilimwambia amekosea. Katika kigingi aseniki imo. Katika majivu imo zaidi, kiasi kwamba profesa wake alifunga mlango, akaniuliza majivu hayo yametoka wapi na ni nani ameyagusa. Nikamwambia yametandazwa kwenye kabichi. Akasema moto ule wa kijani ni shaba inayoungua, na kwamba ile nyingine haina rangi. Hupanda na moshi, hukaa juu ya chochote kilichomo tanurini. Mkate wa kawaida, alisema, haungekuwa na balaa kubwa hivyo, maana moto hutolewa kwanza. Akauliza ni kitu gani mlichokuwa mkioka. Nikamweleza. Nilikuwa nikieleza maneno yako mwenyewe: moto ukiwa bado ndani, ndimi zikipita juu ya krimu.

Nimerudia kusoma barua zangu zote. Nilikuwa na nakala, kwa sababu nilijiona mtu wa kuwekewa nakala. Vidole vyako vilipowasha nilikuagiza uvae glavu. Kuku walipokufa niliandika kikaratasi. Na tangazo lile la meya, ambalo nilililaani katika barua yangu ya kwanza kabisa: profesa amepiga simu na kuuliza. Ofisi ilijua. Iliogopa kutaja sumu karibu na kura, watu wasije wakadai fidia ya ardhi, ikaandika marufuku bila sababu. Huo ni uovu wao, na nitausema hadi kufa kwangu. Lakini marufuku ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye niliyewaambia watu ni uongo. Ofisi iliwanyima sababu, mimi nikawapa kiberiti.

Wiki hii ofisi ya afya itabandika tangazo jipya, safari hii likiwa na neno lenyewe. Nami nakuja Jumamosi tarehe kumi na moja. Nitasimama uani kwako, juu ya meza ile ile, nitasema kila kitu: kwamba nilikosea, kwamba ni mimi, kwamba waache leo na waende wakapimwe. Tukishindwa kura kwa ajili hiyo, tushindwe. Kisha utapanda treni nami. Profesa amepata kitanda hospitalini hapa, na madaktari wake wanasema ukija mapema mikono inaweza kurudi, si yote, lakini kijiko utashika. Kila siku ina thamani. Usiniambie habari ya kura.

Usimruhusu Notburga ale. Mfungie mlango, mdanganye, fanya lolote.

Ortrud

*

Oberhalden, 12 Machi 1972

Mwanangu Ortrud,

Umefika salama? Ulisahau skafu yako. Msalimie baba yako, mwambie asikugombeze.

Najua umenikasirikia kwa kukataa kupanda treni. Kura ni Jumapili ijayo, na shamba la Severin lina kura moja tu, na kura hiyo inapigwa na mwenyewe akiwepo. Nitakuja Jumatatu itakayofuata, nakuahidi. Nikisema ndiyo au hapana kwenye kura ni siri yangu. Nimeanza kufikiri kwamba afadhali matingatinga yauzike udongo ule wote.

Nakuandikia leo kwa sababu uliondoka ukiwa na furaha kidogo, na sitaki uishi na furaha isiyo ya kweli. Uliniambia getini kwamba walikuelewa. Ulisema, umeona walivyonyamaza, Shangazi? Niliona. Ulizungumza vizuri, kwa sentensi fupi, bila kupunga mikono, sijawahi kukusikia ukizungumza vizuri hivyo. Nililia. Lakini mimi naishi na watu hawa miaka sitini na mitatu, na najua kimya chao cha kanisani na kimya chao cha sokoni. Kile kilikuwa cha sokoni, cha watu wanaojiuliza muuzaji anawaficha nini.

Treni yako iliondoka saa tisa. Saa tisa na robo Ambros alikuwa amesimama mbele ya ubao wake mwekundu, na watu wamemzunguka. Alikuwa mpole, hilo ndilo lililoniumiza. Alisema binti wa watu amelemewa. Alisema anajua jinsi mambo yanavyofanyika mjini: unamaliza masomo, unaomba kazi ya serikali, na kabla hawajakupa wanakutaka uwafanyie kitu kimoja kidogo. Mtu akauliza, na lile tangazo la ofisi ya afya, lililotoka siku mbili kabla yake, na lenye maneno yale yale? Wakatazamana. Ambros alionyesha tu ubao kwa kidole, nao wakaisoma sentensi yako kwa pamoja, kama wanavyoitikia misa.

Nilivuka barabara nikavua glavu. Niliwaonyesha kucha zangu, kila mmoja, nikawainulia mikono usoni. Nilisema hizi ni za Severin, ninyi wazee mnazikumbuka. Wawili waliinamisha vichwa, na mmoja wao amekwenda nyumbani bila kuaga, nadhani yeye ameamini. Huyo mmoja. Ambros aliishika mikono yangu, akaifunika kwa kofia yake na kusema, “Mama Filomena, walikupa nini hadi ukubali kuja kusimama hivi?”

Nikamgeukia Notburga. Nilimwambia, “Mwanangu, kama hunipendi mimi, mpende huyo uliyembeba.” Akanibusu shavuni. Alisema Ortrud mwenyewe ndiye aliyemfundisha asikubali kutishwa kwa kutumia mtoto.

Saa kumi waliwasha. Mkokoteni ulipita dirishani kwangu mara tatu, umejaa, na safari hii hakupiga mluzi, walisukuma wengi pamoja kama wanaobeba sanamu siku ya sikukuu. Moto ulikuwa wa kijani kuliko wakati wowote, niliuona kwenye vioo vya nyumba ya pili. Notburga alikuja kula wake amesimama mlangoni kwangu, ili nimwone. Ulivunjika vizuri mdomoni mwake. Nilisikia.

Wewe endelea kula ule wako wa gesi, laini kama kitambaa cha vyombo. Nilikucheka bure. Ni mkate mzuri.

Kabla hawajatawanyika Ambros alileta mmoja kwenye sahani, umefunikwa leso safi. Alisema ni wako. Alisema hawana kinyongo nawe, wanajua ulilazimishwa, na kwamba kila Jumamosi watakuokea wako na kuuweka hapa kwangu hadi siku utakapokuwa huru kusema ukweli. Aliuweka katikati ya meza, akatoka.

Nimejaribu kuutupa. Vidole havishiki sahani. Niliisukuma kwa kiwiko hadi ukingoni, ikasimama pale, nusu hewani, haikuanguka. Una harufu nzuri, siwezi kukudanganya. Nimefunga mlango wa jikoni ili asije mtu akaukuta.

Ameniambia sahani atairudia Jumamosi, akileta mwingine.

Shangazi yako,
Filomena